Shajara ya Prado: kuzuia kutu kwenye vyuma vipya kabla havijafungwa

Mwisho wa Juni

Spea za sasipensheni ya mbele zimefika na basi kutoka Dar es Salaam: ami za chini na za juu (mikono ya chuma inayoshika gurudumu), boljointi (viungo vya tufe), tairodi za usukani, linki za stablaiza, springi, shokapu na bolti za alaimenti, zile za kurekebisha mwelekeo wa magurudumu. Nimezipanga juu ya turubai kibarazani hapa Nkuhungu, Dodoma, na hakuna hata moja itakayoingia chini ya gari kabla sijaikinga na kutu. Huo ndio mradi wenyewe.

Gari ni Prado ya 1998, ya ule mfululizo wa J90 uliotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Mbele ina ami mbili kila upande na springi ya kuzunguka. Nyuma ina ekseli nzima iliyoshikwa na mikono minne na fimbo moja ya kukatiza. Ilitumika Japani kwanza, kisha ikaja huku. Kazi yake ni njia ya Manyoni: napeleka mizinga, narudi na madumu ya asali na nta. Kila safari inapita Bahi, na mvua zikikolea, udongo wa mbuga unapanda hadi ndani ya chesisi na kukaa humo mpaka kiangazi.

Fundi wangu, mtu mzima ninayemheshimu sana kwa mikono yake, aliziangalia spea akacheka. "Bosi, hizi mpya kabisa. Tufunge tu. Na hapa Dodoma kutu iko wapi? Kutu ni ya Tanga na Dar."

"Mzee wangu," nikamwambia, "kwanza tufungue za zamani, halafu tuzungumze."

Maneno yake nayasikia kila gereji mjini hapa, na yana ukweli ndani yake. Dodoma hupata mvua ya wastani wa karibu milimita 570 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu. Kutu inahitaji maji na oksijeni kwa pamoja, na kwenye chuma kisafi hupamba moto pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 60 hivi. Mchana wa Septemba hapa haufiki huko. Lakini chumvi inaharibu hesabu yote hiyo, kwa sababu inavuta unyevu kutoka hewani na kulowesha chuma hata pale ambapo kwa macho unaona pakavu. Na chumvi huku tunayo. Magari mengi yetu yametoka Japani, na yale ya mikoa ya kaskazini yamepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Kisha yakavuka bahari na kukaa bandarini. Likifika hapa, gari linaoshwa kwa maji ya kisima, na aliyewahi kunywa chai iliyopikwa kwa maji ya baadhi ya visima vyetu hahitaji kuelezwa kilichomo. Halafu kuna Bahi yenyewe: maji yanaingia mbugani kutoka pande zote na hayana mto wa kuyatoa kwenda baharini. Yanakauka palepale, na magadi na chumvi vinabaki kwenye udongo. Udongo huohuo ndio unaoganda chini ya Prado.

Mwanzo wa Julai

Tumeshusha za zamani. Bolti za alaimenti za kushoto zimegoma kabisa. Zimeshikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi (raba ya kiungo cha ami) kiasi kwamba ukizungusha bolti, bomba nalo linazunguka na raba inajinyonga. Tumezikata kwa grainda. Kwa wenye Toyota za aina hii hilo si jambo geni, na ndiyo maana niliagiza bolti mpya mapema.

Ami ya chini ya kushoto nimeiweka mezani na kuichokonoa kwa bisibisi. Upande wa juu rangi ipo, imepauka tu. Upande wa chini, mahali bati mbili zilipounganishwa kwa welding na kuacha kijibonde, kulikuwa na bonge la udongo mgumu kama tofali. Nililipobandua, chuma kilitoka pamoja nalo, tabaka kwa tabaka, na tabaka la mwisho lilikuwa na unyevu. Hii ni Julai, mvua zilikatika tangu Aprili! Fundi alilishika lile tabaka, akalisaga kwa vidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, lete hiyo rangi yako."

Hapo ndipo jambo lote lilipo. Udongo uliojibana kwenye kona ni sifongo linalotunza maji ya Machi hadi katikati ya kiangazi, na jua la Dodoma halifiki uvunguni. Kutu nayo ikishaanza inajipanua, kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inainua rangi iliyo kando yake na kufungua njia ya maji zaidi. Gari haliozi uso wote kwa mara moja. Linaoza kwenye kingo, kwenye mishono ya welding, kwenye vikombe vya bushi na chini ya vichwa vya bolti. Ulinzi wowote usiofika huko ni mapambo.

Julai, wiki iliyofuata

Nimekagua rangi ambayo spea mpya zimekuja nayo. Springi zimekuja na rangi nzito, ngumu, iliyoshika vizuri, kucha haiingii. Shokapu nazo zina rangi nzuri kwenye mwili. Ami ni habari nyingine. Nyeusi, inang'aa, unaweza kuipiga picha. Nilichukua kisu, nikachora mistari ya kukatizana kwenye mshono wa welding, nikabandika tepu ngumu, nikaivuta ghafla. Rangi ilikuja na tepu kipande kizima, na chini yake kulikuwa na vijipunje vya welding ambavyo hakuna aliyevikwangua, pamoja na lile gamba la rangi ya bluu-nyeusi ambalo chuma hutoka nalo kiwandani kikiwa kimekandwa cha moto. Gamba hilo halishikani na chuma milele. Likipasuka linabanduka na kila kilichopakwa juu yake.

Kipimo hiki cha kisu na tepu hakigharimu kitu, na namsihi kila anayenunua ami mpya akifanye kabla hajalipa fundi. Mng'ao hausemi lolote kuhusu kilicho chini ya rangi.

Kwa hiyo ami zote nne zinavuliwa rangi. Kwenye maeneo ya wazi natumia brashi ya waya ya kufunga kwenye grainda, nikizunguka bila kukandamiza. Kwenye mishono naingia kwa patasi ndogo na kung'oa vile vijipunje kimoja kimoja, kisha msasa namba 80, halafu 120. Chuma kikilainishwa mno kinakuwa kama kioo na rangi haipati pa kushika, kwa hiyo nakomea hapo. Kingo kali zote nazipitisha tupa mpaka ziwe na mviringo kidogo. Sababu ni kwamba rangi ikiwa bado maji inajivuta kutoka kwenye kona kali na kuacha utando mwembamba sana, na kutu inaanzia hapohapo. Tupa inachukua dakika chache kwa ami moja, na sioni dakika nyingine zenye faida kama hizo katika mradi mzima.

Springi sizigusi kwa brashi ya waya. Chuma cha springi kimetiwa ugumu wa hali ya juu na kinafanya kazi kikiwa kimejinyonga muda wote. Mkwaruzo mdogo tu au shimo dogo la kutu linatosha kuwa mwanzo wa ufa. Nimezipitia kwa sponji ya kusugulia ya nyuzi laini ili rangi ya juu ishike, basi.

Kijana wa jirani aliyekuwa akinisaidia alipendekeza tuloweke bolti za zamani kwenye maji ya betri ili zitakate tuzitumie tena. Nilimkatalia, na namweleza na msomaji sababu, maana mtindo huu umeenea. Asidi ikila kutu inatoa haidrojeni, na haidrojeni hiyo inapenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika bila dalili yoyote kwa nje. Bolti laini za kufunga kibati cha matope hazina shida kubwa. Bolti ngumu za sasipensheni zilizopigwa muhuri wa 10.9, springi, au kitu chochote kilichotiwa ugumu, ukikiloweka kwenye asidi unaweza kukifunga leo kikakatika kesho ukiwa kwenye mteremko wa Kilimatinde. Bolti zenye kutu nyingi zimetupwa. Zenye kutu ya juujuu zimesafishwa kwa brashi ya mkono.

Katikati ya Julai

Siku nzima karibu yote nimeitumia kufunika sehemu zisizotakiwa kupata rangi. Ningependa mafundi rangi wetu wasome sehemu hii kuliko nyingine zote, kwa sababu nimeona gari zilizopuliziwa rangi uvungu mzima, nyeusi tii, ukadhani zimetoka kiwandani, kumbe zimeharibiwa.

Tundu la ami linalopokea shina la boljointi limetengenezwa kwa kupungua upana, na shina nalo hivyohivyo. Vinashikana kwa chuma kukaza chuma. Pale hapaingii rangi wala grisi. Pawe pasafi, pakavu. Ni muhimu zaidi kwenye Prado hii kwa sababu boljointi yake ya chini imefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itoke badala ya kuisukuma iingie. Ikishindwa, gurudumu linalala na fenda inakaa barabarani. Sifanyi mzaha na kiungo hicho.

Nyuzi za bolti na nati zimefungwa tepu. Nyuso zinazokutana, pale ambapo kichwa cha bolti au washa inakalia ami, nimeziacha bila rangi nzito. Rangi nene chini ya kichwa cha bolti inajibonyeza taratibu baada ya kukazwa, na ule ukazo ulioupima kwa toki renchi unapungua bila wewe kujua. Raba za bushi zimefunikwa. Raba za kukinga vumbi za boljointi zimefunikwa. Fimbo ya shokapu inayong'aa haiguswi na chochote, hata msasa laini, maana mkwaruzo mmoja utaichana sili na mafuta yatavuja.

Nilitumia tepu ya karatasi, vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, na kwenye matundu nikaziba kwa vizibo vya mbao nilivyochonga mwenyewe.

Asubuhi, siku chache baadaye

Kipupwe cha Dodoma ni kizuri kwa kazi hii ukijua saa zake. Mchana upepo unaanza na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye kabati. Saa hizo hakuna rangi. Alfajiri sana kuna baridi na epoksi, rangi yangu ya msingi, inasinzia, haikauki upesi. Nimechagua saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, upande wa kivuli, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kulaza vumbi na vyuma vimening'inizwa juu kwa waya. Kanuni ya wapaka rangi wa vyuma vikubwa kama madaraja ni kwamba chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya ile nyuzi ambayo umande unaanza kutua. Kwa hali ya Julai hapa hilo linapatikana bila shida. Mwezi Januari ningesita.

Kusafisha kwa mwisho: thina, vitambaa viwili. Kitambaa cha kwanza kilicholowa kinayeyusha mafuta, cha pili kikavu kinayafuta kabla thina haijakauka. Ukitumia kimoja unahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Petroli situmii, inaacha mabaki, na moto wake haumsubiri mtu.

Kabla ya bunduki ya rangi nimeanza na brashi. Nimechanganya epoksi praima na hadina yake (kimiminika cha kuigandisha) kwa kipimo cha mtengenezaji, nikapaka kwa brashi ndogo kwenye kila mshono, kila kingo, kila mdomo wa tundu, nikiisukuma rangi iingie kwenye vijishimo. Baada ya hapo ndipo nikapuliza ami nzima, mkono wa kwanza mwepesi, wa pili umejaa. Kwa njia hii zile sehemu ambazo kutu huzipenda zimepata tabaka tatu, na sehemu tambarare mbili. Fundi rangi aliyekuja na kompresa yake aliniuliza kwa nini najichosha na brashi wakati bunduki ipo. Nilimwonyesha ami ya zamani. Aliigeuza mikononi, akaomba nimwachie brashi amalizie ya pili mwenyewe.

Epoksi ikishachanganywa ina muda wake kabla haijaganda koponi, na joto linaufupisha. Ni afadhali kuchanganya kidogo kidogo. Udhaifu wake ni jua: inachakaa na kuwa unga ikipigwa na mwanga wa jua muda mrefu. Uvunguni jua halipo, lakini nimeifunika kwa rangi nyeusi ngumu ya tabaka moja ili ihimili kokoto, kabla muda wa kupaka juu yake bila kukwangua haujapita.

Tumevaa barakoa zenye vichungi vya moshi wa rangi. Hadina ni sumu ya kuvuta, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu.

Mwanzo wa Agosti

Vyuma vinakauka. Nimevipa wiki nzima ingawa juu vilikuwa vikavu siku ileile, kwa kuwa epoksi inaendelea kukomaa ndani baada ya kuacha kunata.

Wakati huo nimehamia kwenye chesisi. Chesisi ya Prado ni boksi. Ina uwazi ndani, na uwazi huo una matundu madogo chini ya kutolea maji. Nimeyakuta karibu yote upande wa nyuma yamezibwa. Mengine kwa udongo, mengine kwa ile rangi nzito ya lami ambayo mwenye gari wa awali alipakiwa uvungu mzima. Lami hiyo ikiwa mpya inafunika vizuri. Ikizeeka inakauka na kupasuka, maji yanaingia nyuma ya ufa, na hapo yanakaa yamefichwa. Niligongagonga kwa mpini wa bisibisi nikisikiliza. Palipotoa sauti butu nikakwangua. Chini ya lami ngumu kulikuwa na kutu ya unga, hasa karibu na mahali mikono ya ekseli ya nyuma inapofungwa. Namshukuru Mungu bado chuma ni kinene.

Nimezibua matundu, nikaosha ndani ya boksi kwa mpira mrefu, maji yakatoka mekundu kama ya mto Bubu wakati wa mvua, nikaendelea mpaka yakawa meupe. Maji ya mwisho ya kusuuza yalikuwa ya mvua niliyokinga kwenye simtanki tangu masika, kwa ajili ya ile chumvi ya kisima. Baada ya siku kadhaa za upepo mkavu, sehemu za nje zenye kutu ya juujuu nimezipaka dawa yenye asidi ya fosforiki. Inaigeuza kutu kuwa tabaka jeusi la fosfeti linalotulia, lakini ni kwa kutu nyembamba tu iliyoshika. Kutu ya magamba haitibiki kwa dawa ya kupaka, lazima ing'olewe. Mabaki nimeyasuuza na kukausha kabla ya epoksi.

Agosti, suala la oili chafu

Limekuja kama nilivyotarajia. Tulipopeleka gari dogo la mke wangu kuoshwa, kijana akauliza, "Kaka, nikupulizie oili chini? Dizeli na oili chafu, kutu haikusogelei." Huduma hii ipo kila mahali, na wanaoifanya wanaamini kwa dhati wanamsaidia mteja.

Nataka niseme wazi kwa nini siitaki. Mafuta ya petroli, dizeli na oili ya injini huvimbisha raba ya asili na kuilainisha. Bushi nyingi za sasipensheni zimetengenezwa kwa raba ya asili, maana ndiyo inayovumilia kujinyonga. Unapulizia kuokoa bati, unaua bushi. Oili iliyotumika ina tindikali na masizi ya injini. Inabaki imelowa, kwa hiyo vumbi letu linanasa na kuwa tope la mafuta ambalo baadaye linashika maji. Inadondoka barabarani na uani, na mji unaokunywa maji yaliyo chini ya ardhi, kama sisi tunavyotegemea visima vya Makutupora, hauna sababu ya kumwaga oili juu ya ardhi yake. Inaweza pia kufika kwenye diski za breki.

Kijana alinisikiliza vizuri. Akauliza, "Sasa nipulize nini?" Nikamwambia maji mengi, kutoka chini kwenda juu, ndani ya fenda na kwenye viungo, na asisogeze mdomo wa mashine karibu na raba za boljointi. Swali lake ni la haki na lilinifanya nifanye jaribio.

Nimekata vibati vinne vya chuma cha aina moja. Cha kwanza nimekipaka oili chafu. Cha pili kina rangi ya kopo ya dukani bila maandalizi. Cha tatu epoksi juu ya chuma kilichokwanguliwa. Cha nne epoksi pamoja na nta kwenye kingo. Vyote nimevichora mkwaruzo mmoja hadi chuma na kuvifunga nyuma ya vibati vya matope vya Prado, vipigwe na kila kitu kitakachorushwa na magurudumu.

Mwisho wa Agosti

Nta. Ndani ya chesisi nimetumia nta ya makopo inayotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye mpira mrefu na mdomo unaotawanya pande zote. Unaingiza mpira hadi mwisho wa boksi, unaanza kupuliza huku ukiuvuta taratibu. Inajipenyeza kwenye mishono yenyewe, na kiasi kinachozidi kinadondoka kupitia yale matundu niliyozibua. Siku ya pili nayachokoa tena kwa waya yasije yakazibwa na nta.

Kwa nje, kwenye vichwa vya bolti na mishono ya kuonekana, nina nta yangu. Mfugaji wa nyuki wa Manyoni hakosi nta. Ninaiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha naiondoa mbali na jiko kabisa ndipo nachanganya na tapentaini mpaka ipoe ikiwa laini ya kupakika kwa brashi. Tapentaini inapaa, nta inabaki. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64, joto ambalo uvungu wa gari haufiki isipokuwa karibu na ekzosti, na huko siipaki. Raba nazo naziepuka, kwa ajili ya tapentaini.

Septemba

Kufunga. Hapa sina mengi kwa sababu fundi wangu anajua kazi yake kuliko mimi. Mambo mawili tu niliyoyasimamia. Bolti za alaimenti tumezipaka grisi ya shaba kwenye shina, ile sehemu laini inayopita ndani ya bomba la bushi, ili safari ijayo zisihitaji kukatwa kwa grainda. Kwenye nyuzi hatukupaka, kwa kuwa nyuzi zenye mafuta zinapunguza msuguano na kwa nguvu ileile ya spana bolti inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa. La pili: bolti za bushi tumezikaza kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ami zikiwa zimening'inia, raba inakaa imejinyonga maisha yake yote na kupasuka mapema.

Baada ya toki renchi kutoa mlio, kila kichwa cha bolti kimesafishwa na kufunikwa na nta. Mahali jeki na spana zilipochubua, epoksi kwa brashi ndogo. Waya wa ethi kwenye chesisi tuliufungua, tukakwangua hadi chuma cheupe, tukaukaza, kisha nta juu yake. Rangi isiingie kati. Tumepeleka alaimenti, bolti zinazunguka kwa mkono mmoja.

Katikati ya Aprili

Mvua zimepungua. Prado imeenda Manyoni msimu mzima, imekwama Bahi, imevutwa, imerudi. Leo tumeipandisha.

Vibati kwanza. Cha oili chafu kimebeba ukoko mnene wa tope la mafuta. Nilipoukwangua, katikati chuma ni kizuri, lakini pembeni na kwenye mkwaruzo, pale oili ilipokwisha kusuguliwa na kokoto, kuna kutu nyekundu chini ya tope lenye maji. Cha rangi ya dukani kutu imeingia kwenye mkwaruzo na kusambaa chini ya rangi. Ukiisukuma kwa kucha inainuka yote. Cha epoksi kina kutu kwenye mstari wa mkwaruzo, isiyosogea pembeni, na kwenye kona moja tu. Chenye nta kina mkwaruzo wenye kutu na kona safi. Fundi amekiomba cha pili na cha nne aviweke ukutani gereji awaonyeshe wateja.

Ami ziko salama. Nimekuta michubuko ya kokoto kwenye uso wa mbele wa ami ya chini ya kulia, chuma kinaonekana, kutu ya rangi ya chai. Nimekwangua, thina, epoksi kwa brashi. Kile kijibonde cha mshono kilichoua ami ya zamani kilikuwa kimejaa udongo vilevile, kwa sababu umbo la ami ni lilelile. Nilipoutoa, chini yake rangi ni nyeusi na imeshika. Nta kwenye vichwa vya bolti vya mbele imesuguliwa na inahitaji kurudiwa. Ya ndani ya chesisi bado inanata kidoleni. Matundu matatu ya maji yaliziba udongo, nimeyazibua.

Tangu Januari nimekuwa nikiosha uvungu kila nikitoka Bahi, siku hiyohiyo, kabla udongo haujakauka, nikimalizia na maji ya simtanki. Udongo wa mbuga ukiwa bado mbichi unatoka kwa mpira wa kawaida. Ukishakauka unahitaji patasi.

Kiangazi hiki ni zamu ya nyuma: mikono minne ya ekseli, fimbo ya kukatiza na viti vya springi. Mikono ni mizima, bushi ndizo zimekwisha, kwa hiyo nitaivua, nitoe bushi kwa presi, niikwangue yote hadi chuma, nipake epoksi mikono mitupu, na bushi mpya ziingie mwishoni kabisa. Fundi rangi amesema atakuja na brashi yake.